Mgonjwa Anapokosa Hamu ya Kula: Pa Kuanzia, na Wakati wa Kutosubiri

Mtu akikosa hamu ya kula, nyumba nzima huanza kumbembeleza. Jilazimishe. Kula hata kidogo, kwa ajili yangu. Bila kula hutapona. Nimekuwa nesi wa wodi ya magonjwa ya ndani kwa muda mrefu, na maneno hayo nayasikia kando ya vitanda kila wiki. Yanasemwa kwa upendo, lakini hayasaidii. Kukosa hamu ya kula ni dalili kama homa ilivyo dalili, na hakuna aliyewahi kushusha homa kwa kumsihi mgonjwa ajitahidi kupoa. Dalili hutafutiwa chanzo. Na chanzo kikiwa bado kinatafutwa, mwili uendelee kupata chakula kwa njia ambayo mgonjwa anaiweza.

Naandika kwa ajili ya anayeuguza, na pia kwa ajili yako wewe mwenyewe uliyepoteza hamu na umechoka kuulizwa kama umekula.

Anaposema ameshiba baada ya vijiko vitatu

Mwamini. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo ghrelini, nayo huenda kwenye ubongo kuamsha njaa. Chakula kikiingia, tumbo hutanuka na utumbo hutoa homoni nyingine za kusema imetosha. Ugonjwa huvuruga mpango huo wote. Mwili unapopambana na maambukizi, chembe za kinga humwaga kemikali ziitwazo saitokini. Kemikali hizo hufika kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia njaa na kuizima, na ndizo hizohizo zinazoleta homa, uchovu na usingizi usioisha. Wakati huohuo tumbo hupunguza kasi ya kusukuma chakula kwenda kwenye utumbo. Unapoleta chakula cha jioni, cha mchana huenda bado kipo tumboni.

Ndiyo maana mtu mzima aliyekuwa na afya njema akipata homa ya siku mbili tatu anaweza asile karibu chochote na asidhurike, mradi anakunywa. Homa ikishuka, hamu hurudi. Usigombane naye siku hizo. Mpe vinywaji mara kwa mara na uangalie mkojo: ukiwa mchache na wa rangi nzito, hanywi vya kutosha. Mwenye kisukari ni habari nyingine. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, akiacha kula sukari yake inaweza kushuka hadi apoteze fahamu. Lakini kuacha insulini kabisa nako kunaweza kumuua. Pima sukari mara nyingi kuliko kawaida, na mpigie anayemtibu siku hiyohiyo akuambie dozi ibadilishwe vipi.

Shida kubwa huja pale saitokini zinapoendelea kumwagwa kwa wiki na miezi, kama kwenye kifua kikuu, saratani, VVU ambavyo havijaanza kutibiwa, au moyo na figo zilizoshindwa kazi. Hapo hamu hupotea, na juu ya hapo mwili huanza kula misuli yake wenyewe. Mgonjwa wa namna hiyo hasubiriwi hamu irudi yenyewe.

Chukua tochi, angalia mdomoni

Kabla ya kuwaza ugonjwa mkubwa, angalia mdomo. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo linalorukwa kuliko yote, hata hospitalini.

Kuna mzee alilazwa kwetu akiwa amekonda sana. Mke wake aliniambia kwa uchungu, "Nesi, huyu ananigomea. Napika kila anachokipenda, anaonja, anasukuma sahani." Nikamsogelea mzee. "Baba, hebu fungua mdomo nione." Ulimi ulikuwa na utando mweupe mzito, umeenea ndani ya mashavu hadi juu kwenye kaakaa. Nilipoufuta taratibu kwa kipande cha kitambaa laini chenye maji, ulibanduka, na chini yake nyama ilikuwa nyekundu na ikatoa damu kidogo. Fangasi ya mdomoni. Alikuwa anatumia dawa ya pumu ya kuvuta, yenye steroidi, na hakuna aliyemwambia asukutue kila akimaliza kuivuta. Juu ya hayo alikuwa ametoka kumaliza dozi ya antibiotiki. Kila kijiko kilikuwa kinamuunguza, naye ni mtu asiyependa kulalamika. Akaanzishiwa dawa ya fangasi ya matone. Siku chache baadaye alikuwa anauliza chakula kinakuja saa ngapi. Mke wake alilia. Alikuwa ameumia muda wote huo akidhani anakataliwa yeye.

Kwa hiyo angalia utando, vidonda, ufizi uliovimba, jino bovu, midomo iliyochanika pembeni. Meno bandia yavuliwe na uangalie chini yake: mtu akikonda, meno yaliyokuwa yanamkaa vizuri huanza kucheza na kumchubua. Angalia ukavu pia. Ladha hufika kwenye ulimi ikiwa imeyeyuka kwenye mate, na mdomo mkavu hukifanya chakula chochote kionekane hakina ladha. Kusukutua kabla ya kula huwasaidia wengi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, kisha ateme.

Muulize kama ananusa. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu, na baada ya mafua makali au UVIKO-19 harufu inaweza kupotea kwa muda mrefu. Mtu huyo bado anahisi chumvi, utamu, uchachu na uchungu, bado anahisi pilipili, baridi na moto, na anajua kama kitu ni laini au kinavunjika kwa meno. Mpangie chakula kwa kufuata anachokihisi.

Halafu koo. Anakohoa akinywa maji? Sauti yake inabadilika kama ina majimaji baada ya kumeza? Anasema chakula kinakwama kifuani? Huyo huenda hamu anayo, kinachomshinda ni kumeza, na ukimlazimisha unaweza kukipeleka chakula kwenye mapafu. Apelekwe kwa daktari kabla hujajaribu kingine.

Choo, dawa, na yasiyosemwa

Uliza habari za choo bila kuzunguka. "Mama, mara ya mwisho ulipata choo lini?" Aliyekaa siku tano bila choo mara nyingi hana hamu ya kula, na wazee wengi hawatakwambia mpaka uwaulize. Walio hatarini zaidi ni wanaolala kitandani muda mrefu, wanaokunywa maji kidogo, na wanaotumia dawa za maumivu kama mofini na tramadoli, au vidonge vya madini ya chuma. Nimeona wagonjwa wakianza kula kesho yake baada tu ya choo kufunguka.

Kisha weka dawa zake zote mezani, pamoja na zile zilizonunuliwa bila cheti na za mitishamba. Swali la kuuliza ni moja: dawa hii ilianza lini, na hamu ilipotea lini? Metformini, ya kisukari, husumbua tumbo na kupunguza hamu. Metronidazoli, ambayo ni antibiotiki, huacha ladha ya chuma mdomoni. Fluoksetini ya sonona, topiramati ya kifafa na methilfenidati ya kukosa utulivu hupunguza hamu, na sindano za semaglutidi, za kisukari na kupunguza uzito, hufanya hivyohivyo. Mbili nazitaja peke yake. Mgonjwa wa moyo anayetumia digoksini akianza kukataa chakula na kusikia kichefuchefu, inaweza kuwa dawa imezidi mwilini, na hilo ni la kuwahi hospitali. Na anayetumia dawa za kifua kikuu akikosa hamu, macho yakawa ya njano au mkojo ukawa mweusi, ini lake liangaliwe siku hiyohiyo. Dawa nyingine yoyote usiikatize mwenyewe. Peleka orodha kwa aliyeiandika. Mara nyingi inatosha kubadilisha saa ya kuinywa au kupunguza dozi.

Kuna na yale ya moyoni. Msiba, kuachwa, kupoteza kazi, hofu ya majibu ya vipimo: yote hufunga tumbo. Huzuni ya kawaida hupanda na kushuka, na hamu hupanda na kushuka nayo. Lakini mtu akipitisha zaidi ya wiki mbili bila hamu ya kula na bila hamu ya vitu vyake alivyokuwa anavipenda, halali vizuri, anajiona mzigo, hiyo ni sonona, na sonona ina matibabu. Akisema hataki tena kuishi, usimwache peke yake, na msaada utafutwe saa hiyo.

Na yuko anayejinyima chakula kwa kuogopa kunenepa, mwenye njaa lakini anaipinga, anayeficha chakula au kutapika kwa siri. Mara nyingi ni kijana, ingawa si lazima. Ugonjwa huo ni wa akili na ni hatari kwa maisha. Vijiko na sahani ninavyovieleza hapa havitoshi. Anahitaji wataalamu wa afya ya akili, tena mapema.

Magonjwa mengine yana alama zake. Figo zikichoka, nyama ya kula humnukia mgonjwa vibaya, mdomo huwa na ladha ya chuma, na kichefuchefu huja asubuhi. Moyo ukichoka, mtu anahema akila, miguu imevimba, anashiba upesi. Ini likiugua, macho huwa ya njano. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi pamoja na jasho la usiku ni cha kupimwa kifua kikuu. Tezi ya shingo ikilegea, mtu hali lakini uzito unapanda. Na mwanamke wa umri wa kuzaa aliyekosa hamu ghafla, kipimo cha mimba kitangulie vipimo vya gharama.

Mizani husema kweli kuliko macho

Unayekaa na mtu kila siku hutaona anavyokonda. Mpime mara moja kwa wiki, kwenye mizani ileile, asubuhi baada ya kukojoa, akiwa na nguo nyepesi zilezile, na uandike. Mtu aliyepoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia anatakiwa achunguzwe. Kwa mwenye kilo 60 hizo ni kilo 3 tu. Akifika asilimia 10, yaani kilo 6 kwa huyohuyo, amefika pabaya.

Mizani ina udhaifu mmoja: maji. Aliyevimba miguu au tumbo anaweza kuwa anapoteza misuli huku uzito haushuki. Kwa huyo angalia mashavu, mabega, mapaja, pete inayoteleza kidoleni, tundu la mkanda. Muulize pia kama bado anainuka kwenye kiti bila kujishika.

Namna ya kumlisha asiyetaka kula

Hapa ndipo wengi huniuliza "nimpe nini", na mimi huanza na kiasi. Sahani iliyojaa humshinda mgonjwa kabla hajaigusa. Tumia sahani ndogo, weka vijiko vichache, na acha chakula kingine jikoni aombe mwenyewe. Badala ya milo mitatu, mpe kidogo kila baada ya saa mbili au tatu akiwa macho, kwa saa kuliko kwa njaa, kwa sababu njaa haitakuja kumkumbusha. Wengi wao hula vizuri zaidi asubuhi. Basi chakula chenye nguvu kitangulie asubuhi, kisiwekwe akiba ya jioni wakati ameshachoka.

Kwa kuwa atakula kidogo, hicho kidogo kibebe mengi. Kosa ninaloliona kila siku ni supu nyepesi, maji ya matunda na chai, vitu vinavyojaza tumbo na kuacha mwili mtupu. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, wakati ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kula kina kama kilokalori 120, na kikichanganywa kwenye chakula cha kupondwa hakionekani wala hakiongezi ukubwa wa sahani. Lakini mafuta hupunguza kasi ya tumbo, kwa hiyo mwenye kichefuchefu anza na kijiko cha chai. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini. Mzee mgonjwa anahitaji walau gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na bila protini misuli hairudi hata uzito ukipanda. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, maana kiasi chake hupangwa na daktari.

Kitu ninachokifundisha kila familia kabla haijaondoka wodini ni maziwa yaliyoongezwa nguvu. Chukua nusu lita ya maziwa yasiyopunguzwa mafuta, koroga ndani yake vijiko vinne vikubwa vya maziwa ya unga, basi. Ujazo ni uleule, ila nguvu na protini vimepanda sana. Yatumie popote ungetumia maziwa au maji: kwenye uji, kwenye supu nzito, kwenye viazi vya kuponda. Ambaye maziwa humharisha atumie mtindi, au maziwa ya soya na siagi ya karanga.

Wodini tuna utaratibu mwingine unaofaa hata nyumbani. Mgonjwa anakunywa vidonge mara kadhaa kwa siku, na kila mara tunampa maji. Badala ya maji, mpe robo kikombe cha maziwa hayo. Hatakiona kuwa ni chakula, hatagombana nacho, na jioni ikifika amekunywa kikombe kizima. Angalizo ni kwamba madini ya chuma, antibiotiki za doksisaiklini na siprofloksasini, na dawa ya tezi ya levothairoksini havinywewi na maziwa, kwa sababu maziwa huzuia visifyonzwe mwilini. Muulize mfamasia kuhusu hizo ulizo nazo.

Maji na vinywaji vingine vinywewe baina ya milo. Glasi nzima ya maji kabla ya kula huchukua nafasi ya chakula. Vifunda vya kulainisha wakati wa kula vinatosha.

Kwa kichefuchefu, adui mkubwa ni harufu. Chakula cha moto hutoa harufu kali kuliko kilichopoa, kwa hiyo mpe cha baridi au kilichofikia joto la chumba, na upikie mbali naye. Mfuniko ufunguliwe kabla hujaingia chumbani, si mbele ya pua yake. Anayesikia ladha ya chuma mara nyingi husaidika na kijiko cha plastiki au cha mti, na kama mdomo hauna vidonda, kitu kichachu kidogo kabla ya kula huleta mate. Vyakula anavyovipenda kuliko vyote usimpe siku anayotapika, kwani ubongo huunganisha chakula na kichefuchefu, na baadaye atavichukia.

Mkalishe wima. Ikiwezekana atoke kitandani, atembee hata hatua chache kabla ya kula, asile chumba kimoja na ndoo ya mkojo. Watu hula zaidi wakiwa na wenzao, hivyo kaa naye, nawe ule. Zungumzeni mengine. Mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza asikione chakula cheupe kwenye sahani nyeupe. Badilisha sahani iwe na rangi tofauti na chakula, ondoa vyombo vingine mezani, umpe kitu kimoja kwa wakati. Wa namna hiyo mara nyingi hula vizuri akishika chakula kwa mkono wake kuliko akilishwa.

Na baada ya yote hayo akisema imetosha, ondoa sahani kwa sura ileile uliyoileta nayo. Hili ndilo gumu kuliko mapishi. Mgonjwa anayeogopa uso wako akishindwa kumaliza ataanza kuogopa saa ya chakula, na hofu nayo hufunga tumbo.

Watoto

Wazazi wengi huleta mtoto wa mwaka mmoja na nusu wakisema ameacha kula. Katika mwaka wa kwanza uzito wa mtoto huongezeka mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Baada ya hapo huongeza kama kilo mbili tu kwa mwaka. Anakua taratibu, anahitaji kidogo, na anakula kidogo. Kama anacheza na uzito wake unapanda kwenye kadi, hana ugonjwa. Wewe amua apewe nini na saa ngapi, yeye aamue atakula kiasi gani. Chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonjwa mara nane hadi kumi na tano kabla hajakikubali. Usimjaze maziwa mchana kutwa. Yatamshibisha na kumwacha bila madini ya chuma, na upungufu wa damu wenyewe hupunguza hamu.

Mtoto mgonjwa anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Akipona kuhara au homa, mwongeze mlo mmoja kila siku kwa walau wiki mbili, maana wakati huo hamu hurudi kwa nguvu na ndio wa kufidia. Lakini asiyeweza kunywa au kunyonya kabisa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, apelekwe hospitali sasa hivi. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu ni chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali, hata kama anaonekana mchangamfu.

Aliyekaa siku nyingi bila kula

Hapa naomba usome taratibu. Mtu aliyepitisha zaidi ya siku tano akila kidogo sana au bila kula kabisa, hasa aliyekonda sana, mnywaji pombe wa muda mrefu au mwenye saratani, asilishwe sahani kubwa ya wanga siku hamu inaporudi. Mwili uliozoea njaa ukipokea wanga kwa wingi, insulini hupanda ghafla na kusukuma madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Zikishuka kwenye damu, moyo unaweza kupoteza mapigo yake, misuli ya kupumua ikalegea, na mtu akafa akiwa ndiyo kwanza ameanza kula. Siku mbili za mwanzo asizidishe nusu ya anachohitaji. Aliyepitisha zaidi ya siku kumi aanzishwe hospitalini, kwa kiasi kidogo zaidi, damu yake ikipimwa, na apewe vitamini B1 kabla ya kuanza kulishwa.

Dawa za kuongeza hamu

Swali hili huulizwa kila siku. Multivitamini haziamshi njaa kwa asiye na upungufu. Siproheptadini, inayouzwa sana kwa kazi hii, ni dawa ya mzio. Inalevya usingizi, na kwa mzee huleta kuchanganyikiwa, kuanguka na kuzuia mkojo. Deksamethasoni na prednisoloni huamsha hamu kweli, na kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani madaktari huzitumia kwa muda mfupi, lakini mtu akizinywa mwenyewe zinapandisha sukari, zinashusha kinga, zinamvimbisha uso (wengine hudhani ananenepa), na akiziacha ghafla baada ya wiki kadhaa anaweza kuzimia. Megestroli, dawa ya homoni inayoamsha hamu, huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Mirtazapini, dawa ya sonona, inaweza kufaa kwa mwenye sonona aliyepoteza usingizi na hamu pamoja. Yote haya ni maamuzi ya daktari anayemjua mgonjwa. Vidonge vya kunenepesha visivyo na jina vya kununua kienyeji, tafadhali, viache.

Anayekaribia mwisho

Kuna wakati mwili unaacha kula kwa sababu unafunga kazi zake. Ugonjwa umeenea, mtu analala muda mwingi, anameza kwa shida. Hapo hafi kwa sababu hali chakula. Hali kwa sababu anakufa. Nimewaambia watoto wengi wa wagonjwa hivyo, nao hunitazama kwa macho ya kuomba ruhusa. Kumlazimisha kutamletea kupaliwa, kutapika na maji kwenye mapafu. Mpe anachokitaka, hata kijiko kimoja, akiwa macho na amekaa wima. Lowesha midomo na ulimi kwa kitambaa laini, paka mafuta midomoni. Kumlisha siyo njia pekee ya kumwonyesha unampenda.

Lini usisubiri, na uende na nini

Hospitali ni leo kama hawezi kunywa chochote siku nzima, anatapika damu au choo ni cheusi kama lami, macho ni ya njano, amechanganyikiwa, anahema kwa shida, au tumbo linauma sana na limekaza. Ni ndani ya siku chache kama chakula kinakwama, kuna uvimbe mpya, homa haiishi, au uzito unashuka bila sababu. Kwa mengine yote, hamu isiyorudi baada ya wiki mbili inatosha kuwa sababu ya kwenda.

Usiende ukasema tu "hali chakula". Andika kwenye karatasi: ilianza lini, uzito wa sasa na wa miezi sita iliyopita, alichokula na kunywa kwa siku tatu zilizopita, kwa vijiko na vikombe, dawa zote na tarehe zilipoanza, choo na mkojo, anavyomeza, na kama anatamani chakula lakini anashindwa, au hakitamani kabisa. Kipengele hicho cha mwisho ndicho ninachokisoma kwanza, kwa kuwa anayetamani akashindwa hutufanya tuanze kutafuta mdomoni, kooni na tumboni, na asiyetamani kabisa hutupeleka kwenye damu, dawa na hali yake ya moyoni. Beba na dawa zenyewe kwenye mfuko, pamoja na meno bandia yake.